Asubuhi natembea, adhuhuri miguu haibanduki. Nimwambie mwanangu?

Kwako mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mjane wa miaka 64, mkaazi wa Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani. Barua hii anaiandika mjukuu wangu, mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu mwandiko wangu siku hizi umekuwa mdogo kama nyayo za sisimizi, hata mwenyewe siusomi.

Miaka mitano iliyopita mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka nikiwa nimekaa tu. Nilipelekwa Mombasa, daktari wa mishipa ya fahamu akanikagua, akanitembeza, akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Kutetemeka nimeshakuzoea. Kinachonimaliza ni miguu.

Mfikirie mtu anayekata mikoko maji yakiwa yametoka. Kila hatua lazima kwanza aung'oe mguu topeni ndipo auweke mbele. Mimi natembea hivyo kwenye sakafu kavu ya nyumba yangu. Hainiumi, haina ganzi. Ni mizito tu, haina nguvu, kama nimeazimwa.

Na si saa zote. Alfajiri naamka mzito. Unga wa mahamri mjukuu ameshaukanda tangu usiku, na kuna mwanamke namlipa anikaangie. Saa kumi na mbili nameza kidonge, nakunywa chai yangu kwa mahamri na mbaazi, kisha nakaa kwenye kibao dakani nauza. Ikifika saa mbili mimi ni mtu kamili, natembea hadi sokoni karibu na Ngome na kurudi. Siku nyingine lakini kidonge hicho hicho ni kama nimemeza chaki. Saa sita miguu inazima. Saa nane nakula wali na samaki, nameza kidonge cha pili, lakini mpaka magharibi bado najikokota. Cha tatu ni cha usiku, na nikiri kwamba mara moja moja nakiruka ili vifike mwisho wa mwezi, maana bei yake si ya mchezo. Nina presha pia na ninayo dawa yake. Kichefuchefu kikinishika nanunua vidonge duka la dawa.

Ndugu yangu mdogo aliniona siku moja saa tatu nikipita sokoni, akanikuta tena saa kumi sijiwezi. Akasema mbele za watu: "Asubuhi wafika sokoni, jioni wataka kushikwa mkono kwenda msalani! Hiyo si miguu, ni kudeka." Neno hilo linanila. Usiku nalala nikijiuliza kama si kweli. Mtu anakuwaje na nguvu saa tatu, akazikosa saa saba? Huyo huyo ndugu yangu ndiye anayetaka anipeleke kwa mganga. Kombe nimekunywa, dua nimesomewa, nashukuru. Kwa mganga sijaenda.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita, baada ya adhuhuri, nilikuwa napanda juu na sinia mkononi. Ngazi za nyumba zetu za mawe unazijua: zimesimama wima, nyembamba, hazina pa kushika. Pale penye kona mguu wa kulia ulikataa. Nilishuka vipandio vinne kwa mgongo. Nyonga iliniuma wiki nzima. Mjukuu wangu, ana miaka 15, ndiye aliyeniinua. Nimemkataza asimwambie mjomba wake.

Mjomba wake ni mwanangu, anafanya kazi Mombasa, anakaa Kisauni, nyumba ya chini. Tangu mwaka jana ananiambia, "Mama, njoo tukae." Ni mtoto mwema. Lakini akisikia nimeanguka atapanda basi usiku huo huo aje anichukue. Na nyumba ya Amu ikifungwa mlango inaanza kufa: chokaa inamomonyoka, boriti zinaliwa, popo wanahamia. Halafu atatokea mgeni na pesa zake, na hapo ndipo itakapoishia nyumba aliyoniachia marehemu. Yeye alikuwa nahodha. Tanga la mashua yake mpaka leo liko chumba cha chini, pamoja na magunia yangu ya unga.

Nimwambie mwanangu au ninyamaze? Nihame au nibaki? Na hii miguu, ni ugonjwa au ni mimi?

Mama wa Mkomani, Amu

*

Waaleikum salaam, mama yangu, na shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kuhusu nyumba na kuhusu mwanao, nami nitafika huko. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Unauliza mtu anakuwaje na nguvu saa tatu akazikosa saa saba. Mama, hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kupitisha amri ya mwendo. Kwa mwenye Parkinson chembe hizo zinakufa polepole. Misuli ya mguu ipo na nguvu yake mara nyingi ipo, ila amri inaifikia kwa uchache na kwa kuchelewa. Wewe ni mke wa nahodha, utanielewa: mabaharia wapo na mikono wanayo, lakini nahodha akiita watweke tanga, sauti inapotelea katika upepo. Kidonge kinairudisha sauti kwa saa kadhaa, kisha kinaisha, na sauti inapotea tena. Kwa hiyo asubuhi yako ni ya kweli na adhuhuri yako ni ya kweli. Hakuna hata moja unayoigiza.

Daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, James Parkinson, aliandika tangu wakati huo kwamba pamoja na kutetemeka nguvu za viungo hupungua. Na Muhammad Ali, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mtu wa kudeka, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984. Mwaka 1996 dunia ilimwona Atlanta akiwasha moto wa Olimpiki na mkono wake ukitetemeka. Nakutajia huyo kwa ajili ya ndugu yako zaidi kuliko kwa ajili yako. Neno lake lilikuwa kali, nami limeniuma nilipolisoma. Lakini hajawahi kukaa nawe kutwa nzima. Alikuona saa tatu, akakuona saa kumi, yaliyo katikati akayajaza mwenyewe. Je, ungeweza kumwalika aje asubuhi na akae mpaka magharibi, aone miguu inavyokuja na kuondoka?

Sasa hizo saa zako. Mimi ni mshauri, si daktari, na hakuna kidonge nitakachokuambia uongeze au upunguze. Lakini barua yako ina mambo ambayo daktari wako angependa kuyasikia, nami nahisi hujamwambia yote.

Kama kidonge chako ni levodopa, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, basi njia yake ya kuingia mwilini inagombaniwa na protini. Mbaazi ni protini, samaki ni protini. Ukimeza kidonge na mbaazi juu yake, mbaazi zinaweza kupita kwanza na kidonge kikabaki mlangoni, na huenda ndiyo maana ya siku zako za chaki. Wengi wanaelekezwa wameze kama nusu saa kabla ya chakula, au wasubiri saa moja au mbili baada ya kula. Anayeshikwa na kichefuchefu hula kitu chepesi kisicho na protini, kama kipande cha ndizi. Sikuambii uache mbaazi wala samaki, na mtu wa Amu akiacha samaki atakula nini? Ni suala la saa tu. Tena tazama: kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana ni saa nane nzima. Kwa mtu aliyeugua miaka kadhaa, dozi moja mara nyingi haifiki mbali hivyo. Madaktari wana njia zao, kama kugawa dozi ziwe ndogo na za karibu karibu, lakini hawawezi kuzipanga kama hawajui kwamba saa sita miguu inazima.

Hivyo vidonge vya kichefuchefu, naomba uviangalie jina leo hii. Kama ni metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, hiyo inazuia dopamini na inaweza kuuzidisha ugonjwa wako na kuifanya miguu iwe mizito zaidi. Usiendelee kuinunua kabla hujazungumza na daktari. Zipo nyingine za kichefuchefu ambazo yeye anaweza kuzichagua akijua una presha.

Na hiyo presha nayo. Parkinson yenyewe huweza kushusha presha mtu anaposimama, dawa zake pia, na wewe una dawa ya presha juu yake. Miguu inayolegea muda mfupi baada ya kuinuka kwenye kibao, na kichwa kikawa chepesi, huenda ni damu imeshuka. Mwombe muuguzi akupime ukiwa umelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Aulizwe pia kuhusu upungufu wa damu, vitamini B12, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu hayo nayo hulegeza miguu, na mwenye Parkinson hakukingwa nayo. Na nyonga iliyouma wiki nzima baada ya kuanguka haijaangaliwa na mtu, nami sijaridhika nayo. Siku ambayo mguu au mkono mmoja utalegea ghafla, uso ukaenda upande au maneno yakakataa, hiyo haihusiani na saa za kidonge. Hospitali, hapo hapo.

Kidonge cha usiku unachokiruka, nakuelewa. Nawajua wengi wanaohesabu vidonge kama wanavyohesabu siku za mshahara. Ila kuruka ruka kunayumbisha miguu ya kesho yake, na kuacha ghafla moja kwa moja ni hatari kubwa. Huyo mwana mwema anajua kwamba vidonge havifiki mwisho wa mwezi? Au hilo nalo limefichwa pamoja na kuanguka?

Kwa mganga, nakusihi jambo moja tu. Dua na kombe havigombani na kidonge. Mizizi na mbegu zinaweza kugombana nacho. Upupu, ule ule unaowasha, mbegu zake zina levodopa ndani yake. Mtu akikupa unga wake bila kipimo, juu ya vidonge ulivyo navyo, hakuna ajuaye umemeza kiasi gani.

Mama, nimefika kwa mjukuu.

Umesema unasema na yeye anaandika. Basi ni mkono wake ulioandika, "Nimemkataza asimwambie mjomba wake." Niliposoma hapo nilisimama. Nimemfikiria msichana wa miaka 15 akikanda unga usiku, akienda shule asubuhi, na darasani akisikiliza kwa sikio moja kwa sababu la pili liko kwenye ngazi za nyumbani. Siri hii umeiona kama yako na mwanao, lakini anayeibeba ni yeye. Ikitokea, Mungu apishe mbali, ukaanguka tena vibaya, mtoto huyu atajiambia maisha yake yote kwamba alijua akanyamaza. Sikulaumu. Ulimkataza kwa hofu, na mtu mwenye hofu hukosa muda wa kutazama pembeni. Naomba tu umuulize siku moja, mkiwa wawili, yeye anaibebaje. Halafu unyamaze umsikilize.

Na mwanao, una hakika gani atakuja kukubeba? Amekuambia hivyo, au umemwandikia wewe maneno ya kusema? Huenda ukawa sahihi, wewe ndiwe uliyemzaa. Lakini mtoto anayesikia habari ya kuanguka kutoka kwa mama yake, pamoja na mpango alioupanga mama mwenyewe, husikia tofauti na yule anayepigiwa simu na jirani usiku. Ukimwambia una hatari ya kushinikizwa, hilo ni kweli. Ukinyamaza una hatari ya kuamuliwa siku ambayo huna sauti.

Kuhusu kuhama, Kisauni ina mazuri yake. Daktari wa mishipa ya fahamu yuko karibu, dawa ni rahisi kupatikana, wa fiziotherapia wapo, na hakuna ngazi. Tena safari ya kutoka Amu unaijua: kushuka gatini kwa miguu isiyoaminika, mashua mpaka Mokowe, kisha basi mchana kutwa. Lakini mwanao anashinda kazini. Mkaza mwanao naye, ambaye hukumtaja hata kwa neno moja, anasemaje? Utakaa na nani saa sita mchana miguu ikizima? Hapo Mkomani ukianguka dakani watu wanne watakuona. Na mwendo wenyewe ni dawa kwa mwenye Parkinson. Anayekaa kitini kutwa kwa usalama wake, misuli iliyokuwa mizima inaanza kudhoofika kweli. Kubaki nako kuna bei yake: ngazi zile zile, na mtoto atakayemaliza shule siku moja na kwenda zake.

Kati ya hapo kuna njia ambazo hukuzitaja. Unaweza kwenda miezi miwili mitatu kwa matibabu, kusi ikishapoa bahari ikatulia, na siku ya kurudi ikajulikana tangu mwanzo, huku ndugu yako akikushikia ufunguo na kufungua madirisha. Au unaweza kushuka ukalala chumba cha chini. Najua kilicho ndani yake. Magunia yana pa kwenda, lakini tanga la marehemu si gunia, na sitakuambia ulipeleke wapi. Pengine hilo ni la kuzungumza na mwanao pia, alikuwa babake.

Lolote utakaloamua, kuna mambo ya leo. Fundi akupigilie boriti nyembamba ya mkoko ukutani, ngazi nzima, uwe na pa kushika. Hupandi tena na sinia: mikono miwili iwe mitupu, au sinia lisubiri mjukuu. Ubongo wako sasa unahitaji kufikiria hatua ambazo zamani zilikwenda zenyewe, ndiyo maana mzigo, au hata maneno, yanaiiba miguu. Sisi watu wa Pwani salamu zetu ni ndefu. Mtu akikuamkia njiani simama kwanza, shika ukuta, mjuliane hali mpaka mwisho, kisha uendelee. Punda wakija na mawe, vivyo hivyo, ukutani. Malapa yaache, vaa viatu vilivyofungwa nyuma, na buibui lisiguse chini.

Miguu ikiganda usiivute. Simama, vuta pumzi, hamisha uzito upande mmoja, kisha hesabu moja, mbili, na uanze kwa hatua kubwa. Mdundo huifikia miguu kwa njia nyingine. Wapo wanaotembea kwa kuhesabu, wapo kwa dhikri, na wewe uliyekulia mji wa Maulidi una matari kichwani tangu utoto. Mistari ya chaki sakafuni, ya kukanyaga au kuruka, huwasaidia wengi penye mlango na penye kona. Na katika saa zako nzuri inuka kitini bila kushika, mara kumi polepole, mjukuu akiwa karibu. Kiti kiwe cha kawaida, si kile kibao cha chini. Mapaja ndiyo yanayokupandisha ngazi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupa zaidi ya hayo, akikuona kwa macho.

Tena usiamue habari ya nyumba saa ya miguu mizito. Wakati huo kila kitu kinaonekana kimekwisha. Chukua daftari la shule, mjukuu achore mistari, na kwa siku 14 muandike saa ya kidonge, saa ya kula na ulichokula, saa miguu inapoamka na saa inapozima. Karatasi hiyo mpelekee daktari, au ipigwe picha mwanao ampelekee huko Mombasa. Kama ukiamua kumwambia kuhusu zile ngazi, huenda ikawa rahisi kuanza na daftari.

Siku hizo zikiisha niandikie tena, kwa mkono wa mjukuu au kwa wako wa sisimizi, nitausoma. Nataka kujua adhuhuri imekuwaje. Na yeye mwandishi wetu mwambie namsalimu, na kwamba mwandiko wake ni mzuri.

Mshauri wako